Tina, tapentaini na petroli: mwongozo kamili wa kutumia bila kuunguza karakana wala nyumba

Huu mwongozo ni wa fundi rangi, fundi samani, fundi gereji, na pia kina mama wa vikundi wanaotengeneza polishi ya sakafu nyumbani, maana hao ndo wanasahaulika kabisa kwenye mambo ya usalama wakati wao ndo wanaipeleka hii kitu mpaka karibu na jiko. Naongelea tapentaini ya dukani (ile inayotokana na mafuta ya petroli, sio ya utomvu wa msonobari), tina za aina zote (thinner, ile ya kuchanganyia rangi na kuoshea brashi), na petroli yenyewe pale mtu anapoitumia kuoshea spea au mikono, kitu ambacho hakifai ila wote tunajua kinafanyika kila siku.

Kabla ya hatua yoyote shika hili moja kwanza, mengine yote yanatokea hapo: kinachoshika moto ni mvuke. Mvuke unatoka juu ya tina yako muda wote kopo likiwa wazi, unachanganyika na hewa, unasubiri cheche. Na ni mzito kuliko hewa, wa petroli kama mara tatu hadi nne, wa tapentaini unakaribia mara tano, kwa hiyo haupandi darini ukatokea dirishani, unashuka sakafuni, unapita chini ya mlango, unaingia kwenye mtaro, unatembea mpaka unakutana na jiko la jirani, halafu moto unarudi njia ile ile hadi kwenye kopo lako. Ndo maana kila ajali ya hivi lazima usikie mtu anasema "lakini jiko lilikuwa mbali". Pale Msamvu Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilianguka watu wakakimbilia kuchota petroli, na moto ulipolipuka ukaua watu zaidi ya 100, kwa sababu mvuke ulikuwa umeshatanda eneo lote waliposimama.

Hatua ya kwanza: jua umeshika nini

Kila kimiminika kina joto lake ambalo kikilifikia kinaanza kutoa mvuke wa kutosha kushika cheche. Petroli ni kama digrii 40 chini ya sifuri, yaani hata ukaibebe kileleni Kibo bado inawaka vizuri tu. Tina inategemea imechanganywa nini, yenye asetoni inaanza kama digrii 18 chini ya sifuri, yenye toluini ni kwenye digrii 4 hivi, kwa hiyo kwa Arusha au Moshi tina iko tayari kuwaka saa yoyote, mwezi wowote. Tapentaini nyingi ni kuanzia digrii 38 hivi na mafuta ya taa ni huko huko.

Hiyo 38 haikuja hivi hivi. Zamani Marekani madobi wa kufua bila maji walikuwa wanatumia petroli na maduka yao yakawa yanaungua sana, ndo mwaka 1924 dobi mmoja wa Atlanta, W. J. Stoddard, akashirikiana na watafiti kutafuta kimiminika cha petroli kisichowaka kirahisi, na mpaka leo kuna tapentaini inaitwa kwa jina lake. Sasa ukiona mtu anaosha kabureta kwa petroli wakati tapentaini ipo dukani, ujue karudi nyuma miaka mia.

Ila kuna kitu sisi wa huku juu hatuambiwi. Namba za kwenye lebo ni za usawa wa bahari. Arusha tuko kama mita 1,400, hewa ina mgandamizo mdogo, na ukipiga hesabu zake ile namba inashuka karibu digrii 4, Moshi inashuka kama mbili na nusu. Kwa hiyo tapentaini ya 38 ukiwa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha ni kama 34, Moshi ni 35 na ushee. Haya, nenda karakana yoyote Moshi mwezi wa pili saa nane mchana, bati tupu bila dari, uone kama joto la ndani halijapita hapo. Ile "tapentaini haina shida hiyo" ni maneno ya watu wanaofanyia kazi kivulini.

Na tambara lililolowa halisubiri namba yoyote, nyuzi zinaivuta na kuitandaza, kiberiti kinaliwasha hata asubuhi ya Julai yenye ukungu. Ukipuliza kwa spreya ni hivyo hivyo, matone madogo yanawaka hata kukiwa na baridi.

Hatua ya pili: kununua na kubeba

Nunua ya kutumia wiki hiyo, sio dumu la lita 20 kwa sababu bei ya jumla ni nzuri. Lita mbili tu za petroli zikivukiza zote zinaweza kuifanya hewa ya chumba cha mita tatu kwa tatu ifikie kiwango cha kulipuka, sasa wewe una 20 chini ya kitanda. Dai kopo la bati au dumu gumu lenye mfuniko wa kukaza na lebo, angalia kama lina ile alama ya almasi yenye mpaka mwekundu na mwali wa moto katikati. Wale wanaopimia kwenye mfuko wa rambo au chupa ya soda achana nao.

Njiani dumu lisimame wima, lifungwe lisitembee, lisipande daladala wala basi la abiria kabisa, na kama ni gari dogo vioo viwe wazi.

Hapa kuna kitu cha kukiona kwa macho. Dumu lililojazwa Dar likifika Arusha linakuwa limevimba, kitako kimetokeza na linayumba ukiliweka mezani, kwa sababu hewa iliyofungiwa kule chini inasukuma zaidi huku juu, na jua la njiani nalo limeongeza lake. Ukifungua mfuniko kwa haraka inapuliza "fyuuu" na mvuke wote unakuja usoni, wakati mwingine na matone yake. Lipeleke nje, liache lipoe kivulini, legeza mfuniko robo tu na uso umeugeuza pembeni, subiri mlio uishe ndo ufungue wote.

Hatua ya tatu: pa kuweka

Nje ya nyumba, kwenye kabati la bati au la tofali lenye matundu chini na juu, la chini ndo la muhimu kwa sababu ya ule uzito. Kivuli kiwepo, kufuli iwepo, watoto wasifike. Isikae na jiki wala dawa ya bwawa la kuogelea. Wengi tunapanga fremu, mbele duka nyuma kijana analala na jiko lake la mkaa, hapo tina isilale ndani hata usiku mmoja, na kama mwenye fremu hana stoo ya nje basi nunua kidogo kidogo ya siku hiyo, inachosha najua, ila ndo hivyo.

Na tafadhali, tina isiwekwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Inaonekana kama maji kabisa. Mtoto karudi shule ana kiu, anaona chupa kwenye kona, anapiga funda. Nitairudia huko chini.

Hatua ya nne: andaa sehemu ya kazi

Fungua milango pande mbili hewa ipite. Juni mpaka Agosti Arusha baridi inafanya watu wafunge kila kitu na kuingiza jiko la mkaa ndani huku wanapiga vanishi, hiyo ni kutafuta moto na sumu ya mkaa kwa pamoja. Vaa sweta, fanya kazi nje au kibarazani, maliza, rudi ndani.

Kisha tembea na macho ya mtafuta cheche. Jiko la mkaa na la gesi ndo la kwanza. Sigara. Swichi na soketi zinazolegea, ekstensheni iliyofungwa na selotepu, feni ya mezani, friji ya soda (inawaka na kuzima yenyewe, ndani yake kuna cheche), kompresa. Grenda na mashine ya kuchomelea ya jirani, na hii kwa mitaa yetu ndo kubwa kuliko zote, fundi samani na fundi wa mageti wanatenganishwa na ukuta wa bati na cheche za grenda zinaruka mita nyingi tu. Viwandani kanuni ya kuchomelea ni kama mita 11 kutoka kitu chochote cha kuwaka. Huwezi kumhamisha jirani, ila mnaweza kupangiana saa, yeye akate chuma asubuhi wewe upige sila (ile ya kuziba mbao kabla ya vanishi) mchana, ongeeni tu ni watu wazima.

Simu wengi wanaiogopa sana halafu wanawasha taa kwa swichi iliyovunjika. Iache simu nje kama unaweza, sawa, ila kwa mpangilio wa hatari ni ya mwisho huko.

Umeme ukikatika usiwashe mshumaa, toka nje. Na kabla haujarudi chomoa vitu, maana ukirudi kila kitu kinashtuka kwa pamoja na wewe una ndoo ya tina imefunguka katikati ya chumba.

Hatua ya tano: kumimina na kutumia

Mimina taratibu. Kimiminika kikipita kwa kasi, hasa kwenye dumu na mpira wa plastiki, kinajenga ule umeme wa msuguano, ule unaokupa shoti ukivua sweta, na cheche yake ndogo inatosha kuwasha mvuke. Kipindi cha ukavu na vumbi unakuwa mwingi zaidi. Kama una makopo ya bati yagusane wakati wa kumimina, au yaunganishe kwa waya wenye vibanio, tumia faneli ya bati na mdomo wake ushuke karibu na kitako ili isidondoke kutoka juu. Usijaze mpaka kwenye shingo, acha nafasi ya kutanuka. Toa kiasi cha kazi ya sasa hivi kwenye kopo dogo, funga kubwa, lirudishe kabatini.

Glavu: zile nyembamba za hospitali zinalainika na kuvimba, tafuta za naitrili nene, zinafaa sana kwa tapentaini, kwa tina kali zinahimili muda mfupi kwa hiyo badilisha zikianza kunata. Usioshe mikono kwa tina wala petroli, inanyonya mafuta yote ya ngozi inapasuka, na vidonda vya hivyo vinachukua muda kupona. Paka mafuta ya kula kwenye rangi iliyoganda, sugua, kisha sabuni.

Barakoa ya kitambaa na zile za Korona hazizuii mvuke, zinazuia vumbi tu. Ya kupulizia rangi ni ile ya mpira yenye vichujio vya mkaa pembeni, vya mvuke wa kemikali, na ukianza kusikia harufu ndani ya barakoa chujio limeisha. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kucheka cheka ovyo, ni dalili umevuta nyingi, toka nje papo hapo. Nchi za Skandinavia miaka ya 1970 walianza kuona wapaka rangi wa muda mrefu wanapoteza kumbukumbu na kuwa na hasira za ajabu, wakagundua ni hivi vimiminika, na ndo moja ya sababu rangi za maji zilipigiwa debe sana kule. Na ile ya kunywa maziwa baada ya kupuliza ili "kusafisha mapafu" ni uongo, maziwa yanaenda tumboni. Kunywa kama unapenda maziwa.

Polishi ya sakafu, hapa naomba mtulie

Kwenye mafunzo ya vikundi mnaambiwa yeyusha nta, ongeza mafuta ya taa au tapentaini, koroga. Shida iko kwenye huo mkato kati ya yeyusha na ongeza. Nta inayeyuka kwenye digrii 60 hivi, ukiimwagia tapentaini inapashwa papo hapo kupita ile 38 kwa mbali, mvuke unafumka kwenye sufuria na unamwagikia pembeni kwenda chini, na chini pana jiko. Moto unaruka mikononi kwa aliyekuwa anakoroga na kanga yake.

Fanya hivi. Nta iyeyushe kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa ya maji, kamwe sio juu ya moto moja kwa moja. Ikiyeyuka yote ipua, beba uwanjani, mbali na jiko kama mita 10 na upande ambao upepo unatoka kwako kwenda mahali pasipo na moto. Ni sufuria inayosogea na sio jiko, kusogeza jiko lenye makaa na kupukutisha cheche hakusaidii. Subiri mpaka kingo za nta zianze kuganda utando mweupe. Hapo ndo umimine tapentaini kidogo kidogo kutoka kopo dogo, umesimama, sio umeinama juu yake, unakoroga kwa mwiko mrefu. Mfuniko wa sufuria uwe mkononi au miguuni tayari. Ikiganda kabla hujamaliza, usirudishe jikoni hata kama umebakiza kijiko kimoja, iweke sufuria kwenye beseni la maji ya moto hapo hapo nje. Na petroli isitumike kwenye polishi kabisa, hata kama mwalimu wa kikundi kasema inakausha haraka.

Hatua ya sita: matambara, mabaki, na mapipa

Matambara yenye tapentaini tupu yaanike nje yakauke, moja moja. Yenye mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani, yanayopakwa kwenye mbao), vanishi ya mafuta au rangi ya mafuta ni habari nyingine, hayo yakirundikwa yanajipasha yenyewe bila cheche yoyote, masaa kadhaa baadaye yanawaka, na wewe umeshafunga karakana umeenda kulala. Yaloweke kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko, au yatandaze juu ya waya hadi yakauke kabisa.

Tina chafu ya kuoshea brashi usimwage. Iache kwenye kopo lililofungwa siku mbili tatu, rangi inashuka chini, mimina ile safi ya juu utumie tena kuoshea, umeokoa hela. Ule uji wa chini utandaze kwenye mchanga nje ukauke. Kumwaga kwenye mtaro ni kupeleka mto Themi au mto Karanga, na watu huko chini wanamwagilia mboga tunazokula. Kumwaga kwenye choo cha shimo ni hatari zaidi, mvuke unajaa shimoni, anakuja mzee na sigara yake.

Pipa tupu ndo muuaji. Lililojaa lina mvuke kidogo juu, tupu limejaa mvuke tupu, na huku kwetu mapipa yanakatwa kila siku kutengenezea majiko ya nyama choma. Fundi anaweka grenda au gesi ya kukatia na pipa linaruka. Kunusa hakutoshi, kusuuza maji mara moja hakutoshi, mabaki yaliyonata kwenye mshono yanavukiza upya yakipashwa. Ushauri wangu wa kweli ni usikate pipa la tina, tapentaini wala petroli. Tafuta ambalo halijawahi kubeba hizo. Ukilazimika, lioshwe kwa maji ya moto na sabuni kali mara kadhaa, mifuniko yote miwili iwe wazi, halafu lijaze maji mpaka kidogo chini ya mstari wa kukata ili nafasi ya hewa iwe ndogo kabisa, na wakati unakata matundu yabaki wazi.

Moto ukitokea

Moto kwenye kopo: funika, kwa mfuniko au ubao au gunia lililolowa na kukamuliwa. Usilibebe kukimbilia nalo nje, utajimwagia. Maji usimwage, tapentaini inaelea na kuusambaza moto mpaka mlangoni. Tumia mchanga, au mtungi wa kuzimia moto, uwe wa unga maalum, wa povu au wa gesi ya kaboni dayoksaidi. Mtungi ukae karibu na mlango, sio pembeni ya tina. Vuta pini, lenga kitako cha moto na sio miali, bonyeza, fagia kushoto kulia, na ujue wa kilo 6 haufiki hata nusu dakika, ukiisha na moto upo basi ondoka. Piga 114 zimamoto, waelekeze kwa alama (kanisa, sheli, shule), na mtume kijana akasimame barabarani kuwapokea.

Mtu akishika moto asikimbie, alale ajiviringishe, mfunike na blanketi. Nguo zilizolowa tina zivuliwe isipokuwa zilizonata kwenye ngozi, kisha maji ya kawaida yanayotiririka kwenye pale palipoungua kwa dakika 20. Sio barafu, sio dawa ya meno, sio asali wala mafuta ya sungura. Funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali, Mount Meru, Mawenzi au KCMC, popote palipo karibu.

Akimeza

Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula ili "avunje sumu". Tumboni tapentaini inadhuru kidogo kuliko ikiingia kwenye mapafu, na inaingia huko hasa wakati wa kutapika, kwa sababu ni nyepesi na inateleza kwenye koo. Msuuze mdomo, mvue nguo zilizomwagikiwa, mkalishe wima, mpeleke hospitali hata kama anacheka na kuomba kucheza, maana kukohoa na kupumua kwa shida kunaweza kuanza masaa kadhaa baadaye. Chukua na chupa yenyewe umuonyeshe daktari, kama haina lebo mwambie ulinunua kama nini, ni tina au tapentaini au mafuta ya taa, na mtoto alikunywa saa ngapi.